Kabla ya Liverpool palikuwa na Glenbuck

Jina la Bill Shankly linapotajwa, wengi wetu hukimbilia Liverpool. Huyakumbuka makombe, jezi nyekundu na umati unaoimba kwa sauti moja. Hatuwezi kulaumiwa, kwani huko ndiko sifa zake zilikovuma. Hata hivyo, mwandishi wa safu hii anashikilia kwamba maisha ya mtu huyo hayaeleweki barabara mpaka msomaji aijue klabu moja ndogo ya kijijini, ambayo Shankly mwenyewe hakupata kuwa mchezaji wake, na ambayo ilizimika kabla yeye hajalipwa hata peni moja kwa kucheza kandanda.

Klabu hiyo iliitwa Glenbuck Cherrypickers. Glenbuck kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti, mahali penye upepo mkali na baridi isiyo na huruma. Wachimba migodi hao waliiunda timu yao katika miaka ya 1870, wakaiita kwanza Glenbuck Athletic. Jina la Cherrypickers, yaani wachuma matunda ya cheri, lilikuja baadaye kama la utani, likaganda. Ni jina la kuchekesha kwa watu ambao kazi yao ilikuwa kuchimbua mawe meusi tumboni mwa ardhi.

Timu hiyo haikuwa miongoni mwa klabu za Ligi ya Uskoti. Ilicheza katika ngazi ambayo Waskoti waliiita kandanda ya vijana. Msomaji asipotoshwe na jina hilo. Wachezaji walikuwa watu wazima, wenye wake na watoto, na aghalabu walitoka mgodini na kuingia uwanjani. Kilichokuwa kidogo ni hadhi ya mashindano na mifuko ya klabu zenyewe.

Lakini tazama mavuno yake! Kijiji hicho, ambacho wakazi wake hawakuzidi wale wa shule zetu mbili tatu kubwa za bweni, kilitoa takriban wachezaji 50 wa kulipwa katika muda wa nusu karne. Mmoja wao, Alexander Brown, aliichezea Tottenham Hotspur ilipotwaa Kombe la FA la Uingereza mwaka 1901. Brown alifunga bao katika kila raundi ya mashindano hayo. Fainali ya kwanza, iliyotazamwa na watu zaidi ya 100,000, ilikwisha sare ya mabao 2-2, na mabao yote mawili ya Tottenham yalikuwa yake. Waliporudiana na Sheffield United, alifunga tena na Tottenham ikashinda 3-1. Wakati huo Tottenham yenyewe haikuwa katika Ligi ya taifa, na tangu Ligi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1888 hakuna klabu nyingine ya nje yake iliyowahi kulinyakua kombe hilo.

Katika kijiji hicho ndimo William Shankly alimozaliwa tarehe 2 Septemba 1913, mwana wa tisa kati ya kumi, na wa mwisho miongoni mwa wavulana watano. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Wajomba zake wawili walikuwa wamecheza kandanda ya kulipwa, na kaka zake wote wanne wakaifuata njia hiyo. Mmoja wao, Bob, alikuja kuwa mkufunzi wa Dundee na kuipa ubingwa wa Uskoti mwaka 1962.

Mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 14, Shankly aliacha shule akaingia mgodini. Alianzia juu, akiyamwaga makaa kutoka katika magari ya reli, kisha akateremka chini ya ardhi, kwenye giza, vumbi na panya. Mgodini kila mtu humtegemea mwenzake. Anayezembea kuweka nguzo huhatarisha maisha ya wote walio nyuma yake. Ninaamini kwamba chuo chake cha ukufunzi kilikuwa pale, kwa maana imani aliyoishi nayo mpaka kufa ilikuwa kwamba kila mtu amfanyie kazi mwenzake, na kwamba tunda la kazi hiyo ligawiwe wote. Timu alizozijenga baadaye zilicheza hivyo hasa.

Miaka miwili tu baadaye mgodi ulifungwa. Na mgodi ulipofungwa, kijiji kilianza kumwagika kama maji ya mtungi uliopasuka. Watu walihama kutafuta kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Cherrypickers nayo ikavunjika. Kijana Shankly, ambaye alitarajia kuivaa jezi ya kaka zake, alijikuta hana kazi wala timu. Ikambidi apande baiskeli maili nyingi kwenda kuichezea Cronberry Eglinton, klabu nyingine ndogo ya aina ile ile. Huko ndiko alikoonekana na kuchukuliwa na Carlisle United ya Uingereza mwaka 1932.

Maisha yake ya uchezaji nitayapitia mbio. Mwaka 1933 alihamia Preston North End kwa pauni 500, akashinda nayo Kombe la FA mwaka 1938, na akaiwakilisha Uskoti. Vita Kuu ya Pili ikamla miaka yake bora. Alistaafu mwaka 1949, akafundisha Carlisle, Grimsby, Workington na Huddersfield, klabu ambazo mara nyingi hazikuwa na fedha za kutimiza ndoto zake.

Mwezi Desemba 1959 alifika Liverpool, iliyokuwa imekwama katika daraja ya pili na yenye uwanja wa mazoezi uliojaa magugu. Mkufunzi mgeni kwa kawaida huwafukuza aliowakuta na kuleta watu wake. Shankly aliwabakiza Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett, akawataka wawe waaminifu kwake na wao kwa wao. Akaagiza wachezaji wavalie Anfield, wapande basi pamoja hadi mazoezini Melwood, kisha warudi pamoja. Mazoezi yenyewe yalikuwa mepesi kueleweka: pokea mpira, toa pasi, sogea. Mwaka 1962 klabu ilipanda daraja, mwaka 1964 ikawa bingwa, na mwaka 1965 ikatwaa Kombe la FA kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ilipotwaa tena ubingwa mwaka 1966, ilikuwa imewatumia wachezaji 14 tu msimu mzima. Mwaka 1973 ilishinda ligi pamoja na Kombe la UEFA.

Katika fahari hiyo yote, Shankly aliendelea kuishi na mkewe Nessie katika nyumba ya kawaida, na kuzijibu barua za mashabiki kwa taipureta yake mwenyewe. Mwezi Julai 1974, baada ya kutwaa Kombe la FA mara nyingine, alistaafu ghafla akiwa na miaka 60. Akajuta upesi. Alipoenda Melwood kufanya mazoezi, alihisi kwamba kuwapo kwake kunawatatiza wenyeji, akaacha kwenda. Kumbe aliyeijenga nyumba anaweza kugeuzwa mgeni mlangoni! Alifariki tarehe 29 Septemba 1981, wakati Paisley, aliyekuwa msaidizi wake, alikuwa ameshaipa Liverpool Kombe la Ulaya mara tatu.

Walimu watanisamehe nikisema kwamba kisa hiki husimuliwa kwa upande mmoja mno. Tunaambiwa umaskini wa Glenbuck ulizaa vipaji, kana kwamba umaskini ni mbolea. Vijana wale waliukimbilia mpira kwa sababu mlango mwingine uliokuwa wazi ulikuwa wa mgodini. Kilichowalea ni klabu: watu wazima waliotoka kazini wakiwa hoi, na bado wakawa na muda wa kuwafunza wadogo zao. Klabu tajiri zilikuja zikavuna hapo miaka 50, na mgodi ulipofungwa hakuna hata moja iliyoizuia Cherrypickers isife.

Kijiji chenyewe hakipo tena. Mwishoni mwa karne ya 20 mitambo ya kuchimba makaa ya wazi iliibomoa ardhi yote iliyokizunguka, na kampuni iliyokuwa ikichimba ikafilisika mwaka 2013. Siku hizi pana kumbukumbu za mawe na njia ya kutembelea, na mashabiki wa Liverpool husafiri kutoka mbali kwenda kuacha skafu zao nyekundu kwenye bamba la Shankly. Ningefurahi kama baadhi yao wangeuliza pia ni wapi Cherrypickers walikochezea.