Salme Ugenini: Binti wa Sultani na Wanawe Ujerumani

Sayyida Salme binti Said, aliyefahamika baadaye kwa jina la Emily Ruete, hutajwa mara nyingi kwa sababu ya mapenzi yaliyomtorosha Unguja. Sehemu iliyofuata utoro huo, yaani miaka ya kulea watoto wadogo katika nchi asiyoijua, haijazungumziwa inavyostahili, ilhali ndiyo iliyomfanya mwandishi.

Alizaliwa katika kasri la Mtoni, Unguja, tarehe 30 Agosti 1844. Babake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi. Salme alijifunza kuandika kwa siri, jambo ambalo halikuwa desturi kwa mabinti wa kasri. Ustadi huo ulimfanya awe katibu wa nduguye Barghash alipojaribu kumpindua ndugu yao Majid mwaka 1859.

Mwaka 1866, akiwa mja mzito kwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, alisafirishwa kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko ndiko alikozaliwa mtoto wao wa kwanza, Heinrich. Mwezi wa Mei 1867 Salme alibatizwa, akaolewa na Ruete, na safari ya Ulaya ikaanza. Heinrich alifariki njiani, nchini Ufaransa. Basi Salme aliingia Hamburg akiwa na jina jipya, dini mpya na msiba ambao hakuwa na jamaa wa kuuomboleza naye.

Nyumbani, Kiswahili kilikuwa lugha ya mke na mume, kwa kuwa Ruete alikifahamu tangu Unguja. Nje ya mlango kilikuwa Kijerumani kitupu, nacho ilimbidi Salme akijifunze huku akinyonyesha. Katika muda wa miaka mitatu walizaliwa watoto watatu: Antonie Thawka mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie Ghuza mwaka 1870. Majina yao yalibeba pande zote mbili za ukoo. Malezi yao, kinyume cha hayo, yalikuwa ya Kijerumani na ya Kikristo.

Mwezi wa Agosti 1870 Ruete aliumizwa na tramu akafariki. Mkubwa wa watoto alikuwa na umri wa miaka miwili. Mdogo hakuwa ametimiza miezi minne. Pamoja na mume, Salme alimpoteza mtu aliyekuwa akizungumza naye Kiswahili kila siku. Isitoshe, sheria ya Hamburg ya wakati huo haikumwachia mjane usimamizi wa mali. Walezi waliteuliwa, fedha zikapungua, na familia ikaanza kuhamahama: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Aliyezaliwa miongoni mwa watumwa na wajakazi sasa alifundisha Kiarabu ili kupata riziki.

Barghash, aliyekuwa sultani wakati huo, alipozuru London mwaka 1875, Salme alivuka bahari akitumaini kupatana naye. Sir Bartle Frere alimshawishi asionane na nduguye, akimwahidi kwamba elimu ya watoto wake ingegharimiwa. Salme alikubali, na ahadi haikutimizwa. Huenda hakuna tukio linaloonyesha wazi zaidi jinsi umama wake ulivyogeuzwa kuwa karata ya wanasiasa. Mwaka 1885 Wajerumani nao walimpeleka Unguja pamoja na wanawe chini ya ulinzi wa manowari, kwa maslahi ya Bismarck zaidi ya yake. Barghash alikataa kumpokea, na urithi hakuupata.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ndani yake anawalinganisha watoto wa kasri na wa Ulaya, na kuwashutumu Wazungu kwa kuwafungia watoto shuleni kupita kiasi. Humo pia anautetea utumwa, doa ambalo msomaji makini hawezi kulifumbia macho. Kwa sababu hiyo jina lake liliondolewa katika uwanja mmoja wa Hamburg uliokuwa umepewa jina hilo mwaka 2019.

Baadaye aliishi Beirut kwa zaidi ya miaka 20, akarejea Ujerumani mwaka 1914 na kufariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf. Miaka mitano baadaye mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alichapisha kitabu kuhusu maisha ya Seyyid Said, babu ambaye hakuwahi kumwona.