Annalena Tonelli: Mwanasheria aliyewafuata wagonjwa wa Wajir

ANNALENA Tonelli hakuwa daktari wala mtawa. Alizaliwa Aprili 2, 1943 mjini Forlì, Italia, akasomea sheria, kisha mwaka wa 1969 akaja Kenya kufundisha. Muda si mrefu alihamia Wajir, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa.

Huko alikuta kifua kikuu kikiwamaliza wafugaji. Matibabu yake wakati huo yaliweza kuchukua hata mwaka mmoja na nusu, na mfugaji hakuweza kulala wodini muda wote huo ilhali mifugo yake ilikuwa ikihama kutafuta maji na malisho. Alipopata nafuu kidogo aliondoka, akaacha dawa, na maradhi yakamrudia.

Mwaka wa 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuwatibu wafugaji hao kwa muda mfupi. Wagonjwa walikaa katika vibanda vya mikeka, kama vile vya nyumbani kwao, na mahali hapo pakajulikana kama TB Manyatta. Kila mmoja alimeza dawa mbele ya mhudumu hadi alipomaliza matibabu ya miezi sita. Katika miaka ya 1990, WHO ilipendekeza kwa dunia nzima utaratibu wa aina hiyo, maarufu kama DOTS.

Februari 1984, maafisa wa usalama waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla na kuwaua. Tonelli aliingia nyikani kuokoa majeruhi na kuokota maiti, na akasaidia habari za unyama huo kufika nje. Serikali ilikiri vifo 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013 ilitaja idadi inayokaribia 1,000. Baada ya hayo alilazimika kuondoka Kenya.

Aliendelea na kazi nchini Somalia, hatimaye mjini Borama, ambako pia alianzisha shule ya viziwi na kupinga ukeketaji. Juni 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Oktoba 5 mwaka huo alipigwa risasi na kuuawa katika hospitali yake, akiwa na umri wa miaka 60.

Somo lake lingali na kazi. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kutumia siki iliyozimuliwa hauhitaji maabara: mhudumu hupaka, husubiri dakika chache, na akiona sehemu imegeuka nyeupe, mara nyingi anaweza kuitibu siku iyo hiyo. Mwanamke aliyetoka malishoni akiambiwa arudi kuchukua majibu baada ya wiki kadhaa, huenda wakati huo jamaa zake wamekwisha kuhama, naye pamoja nao.