Siti binti Saad: maisha yaliyopata tarehe katika santuri

Siti binti Saad, bingwa wa taarabu wa Zanzibar, alifariki dunia Julai 1950. Mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani kwa yakini. Hukadiriwa kuwa 1880. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, akapewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa maskini wenye asili ya utumwa, na watoto wa nyumba kama hiyo hawakuandikwa katika daftari lolote.

Ujanani aliuza vyungu, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, ambako Ali Muhsin alimfunza kuimba. Baadaye aliungana na wanamuziki mashuhuri, akiwamo Subeti bin Ambar.

Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo kwa chapa ya His Master's Voice. Taarabu, ambayo katika jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, ikaingia katika santuri kwa Kiswahili, ikisimulia pia dhuluma walizotendewa wanyonge. Kufikia 1931, maelfu kwa maelfu ya sahani hizo yalikuwa yameuzwa Afrika Mashariki.

Tangu safari hiyo, maisha ya Siti yana ushahidi unaoshikika mkononi. Kando ya karatasi ya katikati, sahani huwa na namba iliyochongwa. Katika sahani za chapa hiyo, pembetatu ndogo baada ya namba huonyesha kazi iliyorekodiwa kwa mtambo wa umeme kati ya 1925 na 1931. Mraba huashiria mtambo uliofuata. Mashine nazo hutambulikana: ile ya kubebwa mkononi, namba 101, ilianza kuuzwa 1925, na namba 102 ikaifuata 1931. Kichwa cha sindano chenye utando wa ulanga kwa kawaida ni cha zamani kuliko chenye utando wa aluminiamu.

Familia ya Kasese au Bwera iliyorithi sahani au mashine ya namna hiyo haina budi kuitunza kwa uangalifu. Sahani ikidondoka huvunjika, na kichwa cha sindano kikibadilishwa, umri wa mashine huwa mgumu kutambua. Alama hizo ndogo ndizo zilizomwekea tarehe mwanamke ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikwa na mtu.