Waksman na bakteria asiyeuawa na sumu yake
Hebu jiulize: bakteria anayetengeneza sumu ya kuua bakteria wenzake, mbona yeye hafi?

Selman Waksman alizaliwa Ukraine mwaka wa 1888, akahamia Marekani 1910 na kujitosa katika utafiti wa vijidudu vya udongo. Mwaka wa 1943, katika maabara yake Rutgers, mwanafunzi wake Albert Schatz alipata streptomisini kutoka kwa bakteria wa udongo. Ikawa kiuavijasumu cha kwanza kutibu TB. Schatz alimpeleka kortini ili naye atambuliwe kama mgunduzi, lakini Nobel ya 1952 akapewa Waksman pekee. Waksman alifariki 1973.

Na yule bakteria je? Akiwa bado na dawa mwilini, huibandika kipande cha fosfeti, ikawa butu kama kisu kilicho alani. Ikishatoka nje, kipande hubanduliwa, makali yakarudi.

Sasa shida iko hapa: baadhi ya bakteria wanaotuambukiza nao wana ujanja huo huo. Wale wa TB hutumia njia yao nyingine: hubadilisha pale dawa inapolenga. Ndiyo maana leo TB hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Kwa hivyo ukipewa dozi, imalize, hata ukijiskia uko fiti.