George Westinghouse: Mtu aliyeufanya umeme uweze kusafiri mbali

UKISIMAMA alfajiri kwenye foleni ya malori mpakani, iwe Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, utasikia upepo ukitoka kwa kishindo dereva anapofunga breki za tela. Ukitembea hadi kwenye uzio wa kituo cha kupozea umeme, utasikia sauti nyingine: mvumo wa chini usiokatika, kama wa nyuki ndani ya mzinga. Ni wachache wanaojua kwamba sauti zote mbili zinatupeleka kwa mtu mmoja, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1914. Jina lake ni George Westinghouse.

Wengi wamesikia habari za Thomas Edison na taa yake. Lakini umeme unaogandisha samaki kwenye jokofu la mfanyabiashara, ukiwa umetoka kwenye bwawa lililo mamia ya kilometa, haukufuata njia ya Edison. Ulifuata njia aliyoipigania Westinghouse, akaweka rehani mali zake kwa ajili hiyo, na mwishoni akaipoteza kampuni yake mwenyewe.

Mtoto wa karakana

Westinghouse alizaliwa Oktoba 6, 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York. Baba yake alikuwa na karakana ya kutengeneza mashine za kilimo, na baadaye familia ilihamia mji wa Schenectady. Kijana George hakupenda sana darasa. Alipenda vyuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka alijiunga na jeshi la upande wa Kaskazini, kwanza nchi kavu kisha majini. Aliporudi alijaribu chuo kwa miezi michache, akaona si mahali pake. Akiwa na miaka 19 tayari alikuwa amepata hataza yake ya kwanza, ya injini ya mvuke.

Siku hizo treni zilisimamishwa kwa mikono. Wafanyakazi walikimbia juu ya mabehewa yanayotikisika, wakizungusha magurudumu ya breki behewa moja baada ya jingine, na wengi walianguka na kufa. Westinghouse alikuwa ameona mwenyewe matokeo ya treni mbili za mizigo kugongana. Baadaye alisoma katika jarida jinsi wachimbaji wa handaki katika milima ya Alpu walivyoendesha mashine zao kwa hewa iliyoshindiliwa, akajiuliza kwa nini hewa hiyo isifunge breki za treni nzima kwa mara moja.

Mwaka 1869, akiwa na miaka 22, alipata hataza ya breki ya hewa na kuanzisha kampuni huko Pittsburgh. Miaka michache baadaye aliiboresha: hewa ikiwa ndani ya bomba breki zinabaki wazi, bomba likipasuka breki zinajifunga zenyewe. Kila dereva wa lori aliyewahi kukwama kwa sababu upepo umeisha anaijua kanuni hiyo. Breki za malori ya leo ni wajukuu wa ile ya Westinghouse.

Tatizo la sarafu na noti

Breki ilimpa utajiri. Angeweza kupumzika. Badala yake, mwaka 1885 aligeukia umeme, biashara ambayo Edison alikuwa ameshaishika.

Edison alifungua kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882. Alitumia mkondo mnyoofu, yaani umeme unaotiririka upande mmoja tu, kwa msongo wa takriban volti 110. Taa ziliwaka vizuri, lakini karibu na kituo tu. Mwendo wa kilometa moja na nusu hivi ulitosha kuufanya umeme uchoke na taa zififie. Mji mkubwa ungehitaji kituo karibu kila mtaa, na kijiji kisingepata kitu.

Ili kuelewa sababu, fikiria mfanyabiashara anayepeleka shilingi milioni moja mji wa mbali. Akibeba sarafu atahitaji magunia na wapagazi. Gunia litatoboka, wapagazi watadai chao, na atafika akiwa na pungufu. Akibadilisha sarafu hizo kuwa noti kubwa, thamani ni ileile lakini mzigo unaingia mfukoni. Tatizo lake lipo akifika: hawezi kununua maandazi mawili kwa noti kubwa. Lazima achenji tena.

Umeme uko hivyo hivyo. Idadi ya noti na sarafu ni mkondo, unaopimwa kwa ampea. Ukubwa wa kila noti ni msongo, unaopimwa kwa volti. Ukizidisha viwili hivyo unapata nguvu, inayopimwa kwa wati. Wati 10,000 zikisafirishwa kwa volti 100 zinahitaji ampea 100. Zikisafirishwa kwa volti 1,000 zinahitaji ampea 10 tu. Kinachopasha waya joto na kula umeme njiani ni ampea, na ulaji wake ni mkali: ukipunguza mkondo mara kumi katika waya uleule, upotevu unapungua mara mia moja.

Kwa hiyo umeme unaokwenda mbali ulihitaji duka la kuchenji mwanzoni mwa safari na jingine mwishoni. Duka hilo ni transfoma. Ni nyaya mbili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma bila kugusana. Waya wa pili ukiwa na mizunguko mingi kuliko wa kwanza, msongo unapanda. Ukiwa na michache, unashuka. Lakini transfoma haifanyi kazi kwa mkondo mnyoofu. Inahitaji mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Hapo ndipo Edison aliposhindwa kupita.

Westinghouse hakuvumbua transfoma. Mfaransa Lucien Gaulard na Mwingereza John Gibbs walikuwa wameionyesha Ulaya, na wahandisi wa Budapest wakaiboresha. Yeye alikuwa na jicho la mfanyabiashara: alisoma habari zake, akaagiza chache zisafirishwe hadi Pittsburgh, akanunua haki za kuzitumia Marekani, kisha akamkabidhi kazi mhandisi kijana, William Stanley. Machi 20, 1886, katika mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, Stanley aliwasha taa za maduka na ofisi kwa umeme wa volti 500 ulioshushwa na transfoma hadi kiwango cha kufaa taa. Kabla mwaka haujaisha, Westinghouse alikuwa akiuza umeme wa namna hiyo mjini Buffalo. Mwaka 1888 mhandisi wake mwingine, Oliver Shallenberger, alitengeneza mita ya kupima mkondo geu, na mwaka huohuo Westinghouse alinunua haki za mota ya Nikola Tesla.

Vita vya mikondo

Upande wa Edison haukunyamaza. Wananchi waliambiwa kwamba mkondo geu ni muuaji. Wanyama waliuawa kwa umeme mbele ya waandishi wa habari ili kuthibitisha hoja hiyo. Mwaka 1890 jimbo la New York lilimnyonga mfungwa wa kwanza kwa kiti cha umeme, na mashine zilizotumika zilikuwa za Westinghouse, zilizopatikana bila ridhaa yake.

Hofu ile haikuwa ya uongo mtupu. Msongo mkubwa unaua kweli. Lakini jibu la wahandisi halikuwa kuuacha, bali kuujengea nyumba yake yenye uzio na walinzi wa kila namna. Nyumba hiyo ndiyo kituo cha kupozea umeme. Kupoza hapa si kutia barafu, ni kushusha msongo.

Ukitazama kupitia uzio utaona mpangilio wake. Njia kubwa inaingia ikiwa imeshikiliwa na vikombe vya kauri au vioo, vinavyozuia umeme usishuke kwenye mnara. Karibu na mlango wake kuna vizuia radi, vinavyoipeleka ardhini nguvu ya radi kabla haijafika kwenye transfoma. Kuna kikata umeme, swichi kubwa inayoweza kukata njia hata ikiwa imebeba mzigo, kwa kuzima cheche ndani ya mafuta, gesi au hewa. Pembeni yake kuna kitenganishi, mikono ya chuma inayofunguka waziwazi ili fundi aone kwa macho kwamba njia imeachana na umeme. Hiki hakifunguliwi njia ikiwa na mzigo. Kuna rilei, mlinzi asiyelala, anayepima muda wote na kukiamuru kikata umeme kifanye kazi hitilafu ikitokea. Katikati limekaa lile dubwana lenyewe, transfoma, limezamishwa ndani ya mafuta yanayoondoa joto na kuzuia cheche. Kutoka hapo umeme unakusanyika kwenye baa nene za shaba au alumini, kisha unagawanywa kwenda mitaani kwa kilovolti 33 au 11, hadi transfoma ya nguzoni inapoushusha mara ya mwisho kwa ajili ya nyumba na maduka.

Ndiyo maana si busara kupanga meza ya biashara chini ya transfoma au kuegemeza mabati kwenye uzio huo. Msongo mkubwa hausubiri kuguswa. Unaweza kuruka hewani ukimkuta mtu karibu.

Chicago na Niagara

Ushindi ulikuja kwa zabuni. Mwaka 1892 Westinghouse aliwashinda kwa bei wapinzani wake wa General Electric, akapewa kazi ya kuwasha Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893. Hakuruhusiwa kutumia taa yenye hataza ya Edison, hivyo akatengeneza yake kwa haraka, yenye kizibo cha kioo. Watu kwa mamilioni waliyaona makumi ya maelfu ya taa zikiwaka kwa mkondo geu, na hofu ikaanza kupungua.

Kisha yakaja maporomoko ya Niagara. Westinghouse alijenga mitambo mikubwa ya kufua umeme kwa volti 2,200. Novemba 1896 umeme huo ulipandishwa hadi volti 11,000 na kufika Buffalo, zaidi ya kilometa 30. Transfoma na njia hiyo vilijengwa na wapinzani wake wale wale wa General Electric, ambao sasa nao walikuwa wanauza mkondo geu. Mabishano yalikuwa yamekwisha.

Deni lililomng'oa

Lakini umeme ni biashara inayomeza mtaji kabla ya kurudisha faida. Msukosuko wa fedha wa miaka ya 1890 na 1891 nusura umzamishe. Mabenki ya Pittsburgh yalitaka yashike usukani ndipo yamkopeshe, naye akakataa, akaokolewa na wenye mitaji wa New York. Mwaka 1907 hofu ilipozikumba tena benki za Marekani, kampuni yake ya umeme ilikuwa na maagizo tele na viwanda vinavyofanya kazi, ila ilikuwa na madeni ya muda mfupi isiyoweza kuyalipa kwa wakati. Ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama. Kufikia mwaka 1911 alikuwa ametoka kabisa katika kampuni yenye jina lake. Kampuni ya breki, isiyokuwa na mzigo huo, alibaki nayo.

Kila mfanyabiashara anajua kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kisa cha Westinghouse kinaongeza jambo moja: siku ya kulipa haiangalii kama ghala limejaa.

Katika kipindi hichohicho cha kuanguka kwake, wahandisi wa Marekani walimtunuku nishani kwa mchango wake katika mkondo geu. Nishani hiyo inaitwa Nishani ya Edison. Alifariki New York Machi 12, 1914, akiwa na miaka 67, akazikwa Arlington kama askari wa zamani. Enzi zake aliwapa wafanyakazi mapumziko ya nusu siku ya Jumamosi wakati waajiri wengi hawakufikiria jambo hilo. Mwaka 1930 wafanyakazi wa kampuni zake walikuwa wamechanga fedha na kumjengea mnara Pittsburgh.

Safari inaendelea

Leo kanuni ya kuchenji njiani ndiyo inayoziunganisha nchi zetu. Umeme wa Jinja, Uganda, umekuwa ukivuka kwenda Kenya tangu miaka ya 1950. Maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Njia ya msongo wa kilovolti 400 imejengwa kati ya Singida na Isinya, ikipita Namanga, palepale malori yanapopumua upepo.

Hata Edison amepata fidia kidogo. Njia ndefu ya kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, ya zaidi ya kilometa 1,000, inatumia mkondo mnyoofu wa kilovolti 500, kwa sababu vifaa vya kisasa vya elektroniki vinaweza kufanya kile ambacho zama zake hakikuwezekana, na kwa umbali mkubwa upotevu unakuwa mdogo zaidi. Lakini umeme huo ukifika Suswa haupelekwi dukani ulivyo. Unageuzwa kuwa mkondo geu, unapita kwenye transfoma, unashushwa hatua kwa hatua. Hata baada ya safari ya nchi mbili, bado unapita kwenye duka la kuchenji la Westinghouse kabla ya kuwasha taa ya mtu.