Siti binti Saad: Binti wa Mfinyanzi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Sumbawanga. Bibi yangu anafinyanga vyungu, na mimi ndiye niliyembebea kwenda sokoni. Njiani akaniuliza: ukishakuwa mwalimu, nani atafinyanga? Nilikosa jibu. Nimerudi chuoni nikamkumbuka Siti binti Saad.

Wengi tunamjua Siti kama malkia wa taarabu, basi. Lakini kabla ya taarabu kulikuwa na vyungu. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, baba mwenye asili ya Unyamwezi, mama Uzigua. Alipozaliwa aliitwa Mtumwa, na jina hilo peke yake linatosha kueleza hali ya familia ile. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akakulia kwenye kazi hiyo. Shule hakusoma. Alibeba vyungu kichwani mpaka mjini, akivinadi mtaa kwa mtaa. Muuza vyungu asiposikika harudi na kitu, na sauti ya Siti ilisikika mbali.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko mwanamuziki Ali Muhsin akamfundisha kuimba, akamtambulisha kwa wenzake. Zama hizo taarabu ilikuwa ya Kiarabu, burudani ya wakubwa, na waimbaji walikuwa wanaume. Siti akaiimba kwa Kiswahili, akaingiza mambo ya mtaani: wanyonge, wanawake wanaoonewa, hukumu za upendeleo. Walikuwepo waliomdharau kwa sura yake na asili yake. Hakunyamaza. Mwaka 1928 yeye na kundi lake walikwenda Bombay, India, kurekodi santuri, na zikasikilizwa pwani nzima. Alifariki 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Bi Kidude akaendeleza nyimbo zake.

Sasa, je, Siti aliutupa urithi wa mama yake? Mimi naona hapana, maana sauti ile ilikomaa kwa kunadi vyungu. Lakini nikiwa mkweli, bibi naye ana hoja. Santuri za Siti zipo. Vyungu vya mama yake nani anavijua?

Wanachuo wenzangu wa ualimu, kesho tutasimama darasani kufundisha stadi za kazi. Tutafundisha nini kama mikono yetu haijawahi kugusa udongo? Likizo ijayo sibebi vyungu tu. Nakaa chini na bibi, nifinyange.