Marehemu Omar Said Bakor, Mpiga Picha wa Lamu

Mimi ni mtoto wa Chula. Wazazi wangu walipoikimbia vita mwaka 1991 walipanda jahazi kwenda Kenya, wala hawakuchukua picha hata moja. Sura ya babu yangu siijui. Ndiyo sababu nataka kuwaeleza, wasomaji wenzangu, habari za marehemu Omar Said Bakor.

Alizaliwa mwaka 1932. Kazi ya picha hakufundishwa na mtu, alijifunza mwenyewe. Kwanza aliwapiga watu picha njiani, kisha akafungua studio yake mjini Lamu. Kamera peke yake haikumtosha. Alishika mkasi, akakata picha na kuziunganisha, hata mtu akajiona mahali ambapo hakupata kusimama maisha yake. Hivyo picha ikawa kumbukumbu, tena ikawa furaha.

Alifariki mwaka 1993. Tangu hapo picha zake zimechapwa vitabuni, zikatazamwa na watu wa nchi za mbali.

Ninyi mlio na picha za wazee wenu nyumbani, ziandikeni majina kwa nyuma, mziweke pasipo unyevu. Mimi ningefurahi kuwa na moja tu.